Mtu wa Arubaini Haendi Kokote

Jirani yangu wa Mikindani, Mombasa, alitandika vitanda vya watalii kwa miaka 14. Hoteli yake ilikuwa Pwani ya Kaskazini, moja ya zile zilizofunga lango Machi 2020 na kuwaambia wafanyakazi wakakae nyumbani, watapigiwa simu. Simu haikulia. Leo ana miaka 43, yuko mwaka wa pili wa kozi ya uuguzi, na kisa anachopenda kunihadithia ni cha wiki yake ya kwanza chuoni. Mwalimu alikuwa anawaonyesha kukunja pembe za shuka: unainua ukingo juu ya godoro, unachomeka kinachoning'inia, unauteremsha ukingo na kuukaza. Vijana wa miaka 19 wakahangaika na vitambaa. Yeye akamaliza kitanda chake, akamsaidia wa kushoto, akamsaidia wa kulia, maana pembe ni ile ile ya hotelini. Mwalimu akaja, akapitisha kiganja juu ya shuka, akaridhika. Halafu akamwambia msichana mmoja apande alale.

"Haya mama, sasa badilisha shuka, mgonjwa akiwa juu yake."

Hapo, asema, ndipo alipojua ameingia kazi nyingine.

Mwaka huu nimeulizwa mara nne, na watu wasiojuana, kama mtu aliyepita arubaini anaweza kusomea uuguzi akawa nasi. Mmoja alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mwingine anafundisha chekechea Bamburi. Wa tatu ni mjane. Wa nne nitarudi kwake. Wote waliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia dawa ya aibu dukani. (Kwenye fomu tunaandika muuguzi, nyumbani tunasema nasi, na wapo wazee wanaoita "sista" hata mwanamume mwenye ndevu. Nitachanganya.) Wote pia walidhani kikwazo ni umri. Mimi nimekuja kuamini kwamba umri ni sehemu ndogo ya hesabu hii, na ukiutazama vizuri, uko upande wao.

Si ajabu swali hili kuzuka Mombasa. Mji huu una tabia ya kuwatema watu wakiwa katikati ya maisha. Mei 2014 Waingereza walipotoa onyo la usafiri na kuwarudisha watalii wao kwa ndege, hoteli zilipunguza watu, na waliopunguzwa walikuwa na watoto shuleni. Agosti 2019 amri ikatoka kwamba mizigo ya bara ipande reli ya SGR. Watu wakaandamana, lakini yadi za makontena, malori, magereji na akina mama wauza chakula wa Changamwe na Miritini walikuwa wameshaanza kupungukiwa. Miezi michache baadaye, korona. Kila wimbi lilimwacha ufukweni mtu wa miaka 38, 42, 46, mwenye ujuzi wa kazi ambayo haipo tena, na nguvu zake bado ziko.

Sasa mtu kama huyo akitaka kusomea uuguzi, Baraza la Wauguzi halimuulizi ana miaka mingapi. Linamuuliza alipata nini kidato cha nne. Kwa diploma ya KRCHN, ile ya miaka mitatu inayobeba uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na afya ya akili kwa pamoja, unatakiwa uwe na wastani wa C, na ndani yake C ya Kiingereza au Kiswahili, C ya Biolojia, na angalau C- ya Hisabati, Fizikia au Kemia. Digrii inaanzia C+, inakula miaka minne, na juu yake mwaka wa mafunzo kazini.

Sina ugomvi na Biolojia. Ugomvi wangu ni na tarehe. Mtu wa miaka 43 leo aliufanya mtihani huo akiwa na 17 au 18, pengine mwaka ule ule aliofukuzwa karo nusu muhula, pengine akisoma kwa koroboi baada ya kumsaidia mamake kuuza mahamri. Alama ya msimu ule ndiyo inayompima mpaka kesho. Miaka 14 ya kuamka alfajiri, kusimamia wasichana wa ghorofa nzima, kutuliza mgeni mlevi saa nane za usiku, kukumbuka nani hali karanga asije akavimba koo: hakuna kisanduku chake kwenye fomu. Jirani yangu alikuwa na bahati tu. Cheti chake kilikuwa chini kabisa ya sanduku la mamake, kimefungwa kwenye leso, na Biolojia ilikuwa C. Ingekuwa D+, habari yake ingeishia hapo, na mimi nisingekuwa na makala.

Mama huyo mwenye sanduku ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii pasi na kujua. Alipigwa na kiharusi mwaka ule ule wa korona, akalazwa Makadara, hospitali ya rufaa ya hapa Mombasa, akarudishwa nyumbani nusu ya mwili haina habari. Binti hakuwa na kazi, basi akawa yeye. Alifundishwa na manasi wa wodini kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, kumlisha kwa mpira wa puani, kuangalia mkojo umebadilika rangi au la. Aliandika kila kitu kwenye daftari la shule la mwanawe: saa, upande aliolala, kiasi alichokula. Siku ya kliniki nasi mmoja alilipitia lile daftari, akamtazama, akamwambia, "Dada, wewe ulikosea kazi."

Mama alifariki baada ya miaka miwili. Daftari bado analo.

Watu humwonea huruma kwa damu na vidonda, lakini kilichomtesa ni hesabu. Jioni moja alikuja kibarazani kwangu na swali: mgonjwa apewe dripu ya lita moja kwa saa nane, mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Mimi, mwandishi, nikasema kwa kujiamini kabisa: 25. Akanitazama kama ninavyotazamwa na fundi wa stima ninapogusa nyaya. Akazidisha 1,000 kwa 20, akagawanya kwa dakika 480, akafika 41 na ushei, akaandika 42. "Ukizidisha mno," akasema, "maji yanakwenda mapafuni." Vijana darasani hulipata jibu kabla yake, hilo analikubali. Lakini yeye ameshakaa usiku kucha na mtu anayepumua kwa kukoroma maji, na akiandika 42 anajua anamwandikia nani.

Ukisimulia kisa kama hiki, lazima mtu atasema elimu haina mwisho, na lazima atamtaja Mzee Maruge. Nampenda Maruge kama kila Mkenya. Ila mfano wake unaonyesha jambo jingine kabisa. Aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84 kwa kuwa mwaka mmoja kabla serikali ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi. Hamu alikuwa nayo miaka yote. Kilichobadilika ni bei. Elimu haina mwisho, lakini karo ina tarehe ya mwisho, na ikipita hufanyi mtihani.

Uingereza walilijaribu jambo hili bila kukusudia. Kule ni kawaida mtu kuacha ualimu au ukarani akaenda kusomea uuguzi akiwa na 35 au 45. Mwaka 2017 serikali ikawaondolea wanafunzi wapya wa uuguzi wa England ruzuku ya masomo, wakatakiwa kukopa kama wanafunzi wengine. Maombi yakashuka, na waliopungua zaidi ni wale wenye umri mkubwa. Kuanzia Septemba 2020 serikali ikabidi iwape tena wanafunzi msaada wa angalau pauni 5,000 kwa mwaka, ambao mwanafunzi hatakiwi kuulipa. Waingereza hawakuzeeka ghafla 2017, wala hawakupoteza moyo wa kuhudumu. Walikaa chini na kikokotoo, wakaangalia kodi ya nyumba na viatu vya watoto, wakaamua kubaki walipo. Marekani nao wana kozi za haraka, miezi 11 hadi 18, kwa mtu aliye na digrii ya fani nyingine. Kwetu mwenye digrii ya biashara na asiye nayo hupanga foleni moja.

Na hiyo foleni inaelekea kwenye chuo cha mchana. Hapa ndipo penye fundo. Masomo ni siku nzima, kisha kuna zamu za wodini, usiku zikiwemo. Kazi ya mshahara haikai kando ya ratiba hiyo. Jirani yangu anaishi kwa tuktuk ya mumewe ambayo bado ina mkopo, viazi karai anavyokaanga Jumamosi na Jumapili, na zamu yake ya chama ambayo wenzake walikubali kuivuta mbele aweze kulipa muhula wa kwanza. Mama mkwe wake hakuamini masikio yake. "Mwanangu, shule na wajukuu ni wapi na wapi?" alimwambia, na bado humwambia, ingawa siku hizi humsubiri arudi ndipo ampimishe presha.

Kuna jambo jingine ambalo watu wazima hawaniulizi, na ningependa waniulize. Wodini utaamrishwa na mtoto. Jirani yangu alipelekwa kwa mazoezi kwenye hospitali ambayo msimamizi wa wodi alikuwa msichana wa miaka 27 hivi. Asubuhi wakikutana langoni msichana alimwamkia, "Shikamoo mama," kwa adabu zote za kwao. Saa moja baadaye, mbele ya wagonjwa na jamaa zao, alimwuliza kwa ukali ni nani aliyemfundisha kuacha sindano iliyotumika juu ya meza. Na msichana alikuwa na haki. Jirani alisema, "Samahani sista," akaitupa kwenye kisanduku chake, akaenda chooni akalia kidogo, akarudi. Kesho yake shikamoo ikaja vile vile. Nimewajua wanaume, nami simo mbali nao, ambao wangeacha chuo siku hiyo hiyo.

Tuseme ameyavuka yote hayo. Ana leseni. Atafanya kazi wapi?

Nchi yetu ina kichekesho kisichochekesha: wodi zisizo na manasi wa kutosha, na manasi wenye leseni wasio na ajira. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2020 kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9, wengi wao katika nchi za hali yetu, lakini upungufu wa wodini si nafasi ya kazi mpaka kaunti iweke pesa. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na kila anayefuata habari anajua mishahara inavyochelewa. Mgomo wa manasi wa 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba. Walioajiriwa kwa mpango wa afya kwa wote 2020 walipewa kandarasi, na wakapigania miaka kadhaa ziwe kazi za kudumu. Kwa kijana kusubiri miaka mitatu ni kero. Kwa mtu mzima ni hesabu nyingine: utumishi wa umma unakustaafisha miaka 60 inapogonga. Ukianza kusoma na 41, ukamaliza na 44, ukakaa benchi mpaka 47, imekubakia miaka 13.

Hiyo miaka 13 ndiyo ninayotupiwa usoni kila ninapoizungumza hoja hii. Eti kaunti isomeshe mtu wa kufanya kazi miaka 13?

Ndiyo. Tena iwahi. Wanaosema hivyo hufikiri kwamba upande wa pili wa mizani kuna kijana atakayefanya kazi Mombasa miaka 38. Kijana huyo ni nadra kuliko wanavyodhani. Julai 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wahudumu wa afya, na Septemba 2024 ikatia saini mengine na Ujerumani ya kupeleka wafanyakazi wa fani mbalimbali. Vijana wa diploma wanasomea Kijerumani jioni hata kabla hawajapata matokeo ya mwisho. Simlaumu hata mmoja wao. Ningekuwa na miaka 23 na leseni mkononi, ningekuwa nimeshapiga picha ya pasipoti. Lakini tusijidanganye tunapopiga hesabu. Kijana tunamsomesha hapa, anakomaa kwenye wodi zetu miaka miwili mitatu akitafuta uzoefu anaotakiwa kuwa nao, na siku anapoanza kuwa nasi mzuri kweli, anaaga.

Mtu wa arubaini haendi kokote. Ana kiwanja chenye msingi uliofika usawa wa dirisha. Ana mama mkwe mwenye presha, mtoto anayengoja darasa la mtihani, na chama ambacho kina deni lake. Anajua matatu ya saa kumi na moja alfajiri inasimama wapi na kondakta gani hukubali kulipwa jioni. Wapo wanaoondoka, najua. Wanawake wa miaka hamsini wamepanda ndege kwenda Ghuba kulea wazee wa watu. Lakini wengi wa hao waliondoka kwa kuwa hapa hapakuwa na mlango. Ukimfungulia mlango hapa, miaka yake 13 utaipata yote, na utaipata Mombasa.

Kwa hiyo ningeipeleka hoja hii kaunti kama biashara, bila kuomba huruma. Lipa karo ya mtu mzima mwenye makao yanayojulikana, kwa mkataba kwamba atakutumikia miaka sita au saba. Masomo ya darasani yawe jioni na wikendi, ya wodini yabaki vile vile bila kupunguzwa hata saa moja, maana hakuna anayetaka nasi wa njia ya mkato. Chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kina kampasi zaidi ya 70 nchini, na ya hapa Mombasa imepakana na hospitali ya rufaa. Majengo yapo, wagonjwa wapo, na jioni madarasa yamefungwa kwa kufuli.

Atakayesema haiwezekani amesahau historia yake mwenyewe. Kuanzia 2005 shirika la afya la AMREF, likishirikiana na chuo hicho na Baraza, lilianza kuwapandisha manasi wa cheti wafike diploma kwa masomo ya mbali, kwa kompyuta, huku wakiendelea na zamu zao. Wengi walikuwa wamekaa kazini miaka na miaka, na kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi ya daktari mkuu. Walisoma, wakafuzu, na wengine wao ndio waliowafundisha vijana wa leo. Nchi ilishakubali kwamba kichwa cha miaka 45 kinasomeka. Ila ilikubali kwa wale waliokuwa ndani tayari. Aliyetoka jikoni mwa hoteli au kwenye yadi ya makontena bado yuko nje ya ua.

Na nje ya ua kuna wawindaji. Shemeji yangu alilipa karo kwenye chuo kimoja cha ghorofani mjini, ambacho sitakitaja, kwa kozi ya miezi sita iliyotangazwa kwa picha ya msichana aliyevaa sare nyeupe na kifaa cha kusikilizia moyo shingoni. Alipewa cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu. Alipokipeleka hospitali ya kibinafsi kuomba kazi, aliulizwa namba yake ya leseni. Hakuna namba. Kozi ya kusaidia wagonjwa nyumbani ni kozi halali ikisemwa ilivyo, lakini yeye aliambiwa ni uuguzi, na alikuwa ameuza cherehani zake mbili kulipia. Kama umesoma mpaka hapa kwa ajili yako mwenyewe, basi kabla hujatoa hata shilingi, liulize Baraza kama chuo kimeidhinishwa na kama watakupa indeksi, yaani namba ya kukusajili kwenye Baraza kama mwanafunzi. Usimuulize mtu wa mapokezi ya chuo. Yeye atakwambia ndiyo.

Nilisema nitarudi kwa yule wa nne. Alikuwa msimamizi wa yadi ya makontena Changamwe, ana miaka 44, mtu wa sauti kubwa anayejua kila kreni kwa jina. Nilimwambia yote haya, pamoja na miaka 13, pamoja na msichana wa 27. Akaenda kutafuta cheti. Wastani C, Kiswahili B, Hisabati C, Biolojia D. Nikamwambia kuna njia moja tu, nayo ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, akae chumba kimoja na watoto wa rika la mwanawe. Akanyamaza kwenye simu muda mrefu, nikadhani amekata.

Juzi alinipigia usiku. Amechukua kitabu cha Biolojia cha mwanawe wa kidato cha pili na anataka kujua kama ni kweli seli za mwili wetu hazina kuta, maana yeye miaka yote amekuwa akiamini zina kuta, tena ndivyo alivyojibu kwenye mtihani. Nikamwambia zenye kuta ni za mimea.

"Basi hapo ndipo waliponikata," akasema, na nikasikia akigeuza ukurasa.